Kuwasomea watoto kabla ya kulala: jibu kwa mama wa Bombo, Uganda

Swali: "Mwalimu, salaam. Ninaishi Bombo na ninauza nguo sokoni. Nina watoto wawili: binti wa miaka minane aliye darasa la tatu, na mvulana wa miaka minne aliye chekechea. Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili, mtaani Kiluganda, na shuleni ni Kiingereza. Kwenye mkutano wa wazazi tuliambiwa tuwasomee watoto vitabu vya Kiingereza kila usiku kabla hawajalala. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kuokoteza, vitabu vya hadithi nyumbani ni vitatu tu, na hufika saa moja na nusu usiku nikiwa hoi. Baba yao yuko kazini mbali. Je, jambo hili lina faida ya kweli, au ni desturi ya watu wenye nafasi? Hadithi alizotusimulia bibi hazitoshi? Na binti yangu, anayedai kwamba yeye si mtoto wa kusomewa, nimfanyeje?"

Jibu: Dada yangu, wa alaikum salaam. Faida ipo na ni kubwa, lakini haiko pale mlipoelekezwa kwenye mkutano huo. Wazazi wengi huambiwa wasome usiku ili mtoto ajue Kiingereza na azizoee herufi mapema. Kwa miaka niliyowafundisha walimu wa madarasa ya chini nimeona kwamba saa ya kulala haifai sana kwa kazi hiyo, na kwamba ipo kazi nyingine ambayo shule zetu haziwezi kuifanya hata zikitaka, na ambayo mama aliyeishia darasa la saba anaweza kuifanya vizuri kuliko mwalimu mwenye shahada.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kuzitambua herufi na kuzigeuza kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposikika kwa sikio. Walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha, na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kitu chochote kikizidishwa kwa sifuri hubaki sifuri. Nimewaona watoto wengi wa darasa la nne wanaosoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, kisha ukiwauliza habari hiyo ilimhusu nani wanakutazama kama umewauliza jina la mji wa mbali. Hao nusu ya kwanza wanayo kamili; nusu ya pili ndiyo haipo.

Shule hushughulika na nusu ya kwanza. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake anaweza kuwaitikisha wote kwa pamoja ba, be, bi, bo, bu, na kwa bahati njema Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, hivyo silabi hazimchukui muda mrefu mtoto anayefundishwa vizuri. Asichoweza mwalimu huyo ni kuketi na mtoto mmoja kwa dakika 15 wakizungumzia kwa nini fisi alidanganywa na sungura mara ya kwanza na ya pili, na bado mara ya tatu akamwamini. Kazi hiyo humwangukia mtu wa nyumbani, na kwa familia nyingi nafasi yake pekee ni usiku.

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba mtoto anayesomewa kitabu cha picha hatazami maandishi. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada, Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, walifuatilia mwendo wa macho ya watoto wadogo waliokuwa wakisomewa, wakakuta kwamba macho hayo yalikaa kwenye picha na ni mara chache sana yalipogusa maneno. Kwa hiyo usitarajie mwanao wa miaka minne ajifunze herufi kwa sababu tu ulimsomea. Ukitaka azione, pitisha kidole chini ya mstari, au mwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake inapojitokeza, kisha endelea na hadithi. Mara moja kwa usiku yatosha.

Anachopata hasa ni lugha ambayo mazungumzo ya kila siku hayambebei. Hebu yahesabu maneno unayowaambia wanao kuanzia unapofika hadi wanapolala: njoo, kula, acha, vaa, lala, umemaliza kazi ya shule? Sikulaumu, mimi pia nimelea. Jessica Montag na wenzake waliyalinganisha mwaka 2015 maneno ya vitabu vya picha vya Kiingereza na maneno ambayo watu wazima huwaambia watoto wao, wakaona kwamba vitabu vina maneno ya namna nyingi zaidi. Upande wa Kiswahili jambo hilo linaonekana hata bila kufanya utafiti. Hakuna mtu anayemwambia mtoto jikoni kwamba jua limetokomea, kwamba mfalme alighadhibika au kwamba msafiri alikata tamaa. Maneno hayo hukaa katika hadithi, na asiyesikia hadithi hukutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani.

Kwetu Uganda kuna la ziada. Kiswahili tunachosema sokoni na barabarani kimepunguzwa viungo: tunasema "kitu yangu," "mtoto ingine," "viatu mbili," na tunaelewana vizuri tu. Hata ile -ka- ya kufuatanisha matendo, akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake, ni nadra kuisikia katika maongezi yetu. Mtoto anayesomewa Kiswahili cha kitabuni husikia "kitu changu" na "viatu viwili" mara mamia bila mtu kumfundisha ngeli hata moja, na baada ya muda sikio lake hukataa lenyewe lisilokaa sawa. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, sikio la namna hiyo limekuwa mali. Watoto wenu wa Bombo wamewatangulia wengi nchini kwa kukisema. Kilichobaki ni kukisikia katika umbo lake kamili.

Sasa namna ya kusoma, kwa sababu ndiyo inayoleta tofauti kuliko wingi wa vitabu. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko New York waliwagawa wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi katika makundi mawili. Makundi yote yaliendelea kuwasomea watoto nyumbani, lakini kundi moja lilifundishwa kusoma kwa kumshirikisha mtoto: kumwuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa ndiyo au hapana, kulichukua jibu lake na kulirefusha, na kumwacha aeleze picha mwenyewe. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi hilo walikuwa wamewapita wenzao waziwazi katika vipimo vya kujieleza, ingawa kiasi cha kusoma hakikutofautiana sana.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza "Huyu ni nani?", ambalo mtoto hujibu "sungura" na mambo yakaishia hapo, uliza "Unafikiri sungura atatokaje kwenye shimo hili?" Akijibu "ataruka," mrudishie: "Ataruka juu ya mgongo wa fisi, au ataruka peke yake?" Maswali matatu au manne kwa usiku yanatosha kabisa. Nimewahi kuwaona wazazi wenye bidii wanaogeuza kitanda kuwa chumba cha mtihani, kila ukurasa maswali matano, hadi mtoto anajifanya amelala ili aokoke. Akisema "endelea, mama," endelea.

Vitabu vitatu visikuhuzunishe. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi ileile mara kwa mara walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo, kwa idadi ileile, yakiwa yametawanywa katika hadithi tofauti. Sababu si ngumu. Mara ya kwanza akili ya mtoto inashughulika na nini kitatokea; mara ya tatu, akijua tayari kinachotokea, anabaki na nafasi ya kuyasikia maneno. Mvulana wako akidai kitabu kilekile kwa usiku wa tisa mfululizo, anayechoka ni wewe peke yako.

Huenda unajiuliza kwa nini iwe usiku. Kusema kweli saa yenyewe haina miujiza, na ukipata nafasi Jumamosi asubuhi ni halali kabisa. Ubora wa usiku ni kwamba hurudi kila siku kwa utaratibu uleule, na kwamba usingizi unafuata papo hapo. Sophie Williams na Jessica Horst waligundua mwaka 2014 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosinzia mchana mara baada ya kusomewa walikumbuka maneno mapya vizuri kuliko wenzao waliobaki macho. Na Jodi Mindell na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukiwahusu akina mama 405 wa watoto wachanga na wa umri wa kutambaa na kukimbia, waliwaomba baadhi yao wafuate kila usiku mpangilio mmoja: kuoga, kupakwa mafuta, kisha shughuli tulivu hadi taa izimwe. Katika wiki mbili watoto walianza kulala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi, na hata hali ya moyo ya akina mama ikawa nafuu. Unayefika hoi kutoka sokoni usilipite hilo la mwisho haraka.

Ila usiiibe hadithi kutoka kwenye usingizi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za kulala kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa 9 hadi 12. Binti yako akiamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi shule, ni lazima awe amelala saa mbili usiku ili apate hata hizo tisa za chini kabisa. Nawe unafika saa moja na nusu. Inabidi chakula kiwe tayari kabla yako, au wale mapema kwa anayewaangalia, na televisheni izimwe, ili dakika 10 au 15 za hadithi zipatikane ndani ya nusu saa hiyo. Usiku ambao umechelewa mno, wabusu walale. Kukosa siku mbili kwa wiki hakuharibu kitu.

Sasa bibi. Wazee wengi wa sehemu zetu walikataza hadithi za mchana na kuwatisha watoto kwa adhabu za ajabu ajabu, na nadhani shabaha ilikuwa kazi za shamba zisisimame. Lakini matokeo yake ni kwamba usiku ulikuwa saa ya hadithi tangu zamani, kabla hakijaletwa kitabu hata kimoja. Waacholi walikuwa na wang oo, ule moto wa jioni ambapo watoto walisikia ngano na nasaha. Baganda wana visa vya Wakayima, sungura yule mjanja. Waswahili wana "Paukwa!" na "Pakawa!" Anayekuambia kwamba kumpa mtoto hadithi kabla ya kulala ni desturi ya kigeni amechanganya kitabu na hadithi.

Je, hadithi za bibi zinatosha? Kwa mvulana wa miaka minne, zinafanya sehemu kubwa ya kazi: zina maneno, zina mpangilio wa mwanzo, kisa na mwisho, zinamlazimisha kuchora picha kichwani mwenyewe, na kwa kuwa hazihitaji mwanga zinakufaa sana usiku ambao yaka, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Vitendawili navyo usividharau. "Nyumba yangu haina mlango" humfundisha mtoto kwamba maneno yanaweza kusema jambo moja na kumaanisha jingine, na huo ndio ujuzi wa kukisia maana ambao hutafutwa baadaye katika mitihani ya ufahamu. Kitabu huongeza mambo mawili ambayo simulizi haina: kinamwonyesha kwamba hadithi inaweza kukaa kwenye karatasi ikamsubiri, na kinaleta Kiswahili cha maandishi ambacho bibi, kwa ufundi wake wote, huenda hakukitumia. Changanya. Usiku mmoja kitabu, usiku mmoja bibi. Ngano za mazimwi yanayomeza watoto ziache kwa mchana, hasa kwa mdogo, kwa sababu anayeogopa kulala ataamka kukuamsha.

Kuhusu Kiingereza, naomba nitofautiane na ushauri mliopewa. Mtaala wa madarasa ya chini ulioanza nchini mwaka 2007 unaelekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Kiingereza kichukue nafasi kuanzia darasa la nne. Shule nyingi za mijini na za watu binafsi hazifuati, lakini sababu ya mpango huo ni ya msingi. Jim Cummins wa Kanada alieleza mwaka 1979 kwamba lugha mbili za mtoto zinategemeana, na kwamba anachokijenga katika lugha ya kwanza humsaidia katika ya pili. Mtoto anayeelewa kwa Kiswahili au kwa Kinubi nini maana ya husuda, ahadi na majuto, siku atakapokutana navyo kwa Kiingereza atahitaji kujifunza jina tu. Asiyevielewa kwa lugha yoyote atakariri jina lisilo na kitu ndani yake.

Kuna na jambo la moyo. Ukisoma Kiingereza unachokiokoteza, sauti yako hupungua nguvu, huwezi kucheza na maneno, huwezi kujibu "kwa nini," na mtoto huisikia hofu yako. Soma Kiswahili. Kinubi kina vitabu haba, basi picha zilezile zieleze kwa Kinubi, na maswali yaulize kwa Kinubi pia ukipenda. Hakuna ubaya wa kusoma sentensi kwa lugha moja na kuijadili kwa nyingine. Kiingereza mwachie binti yako: yeye akusomee wewe na mdogo wake kurasa mbili za kitabu cha shule, nawe umwulize kinasema nini, naye aeleze kwa lugha yenu. Akikosea neno usimkatishe kila mara. Subiri mwisho wa sentensi, na kama maana haikuharibika, mwache apite.

Vitabu zaidi vinapatikana bila fedha nyingi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa kutoka Afrika Kusini na kufanyiwa majaribio Uganda na Kenya tangu 2014, una hadithi za picha za bure kwenye intaneti katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiluganda zikiwamo, na zinaweza kupakuliwa mara moja zikasomwa baadaye bila bando. Tatizo ni simu yenyewe. Mwanga wa skrini usiku huichelewesha homoni ya melatonini inayoleta usingizi, na ujumbe mmoja wa mteja ukiingia hadithi imekwisha. Ninachopenda zaidi ni hiki: nakili hadithi mbili kwa mkono kwenye daftari la mazoezi mchana unaposubiri wateja, sentensi chache kila ukurasa, acha nafasi juu, na watoto wachore picha wenyewe. Kitabu hicho watakipenda kuliko cha dukani, kwa kuwa picha ni zao. Simu itumie kwa baba yao: amtumie kila mtoto hadithi ya dakika tatu kwa sauti yake kupitia WhatsApp, mkaisikilize gizani.

Tahadhari moja isiyo ya elimu. Chini ya neti tumia taa ya sola au tochi tu. Kibatari, tadooba kama wengi wanavyokiita hapa kwetu, pamoja na mshumaa, visikaribie neti kabisa.

Pia hadithi za usiku si dawa ya kila kitu. Binti yako akiwa darasa la tatu na bado anashindwa kuunganisha silabi rahisi kama "ka" na "ta," kusomewa peke yake hakutamfungua. Anahitaji dakika kumi za mazoezi ya silabi mchana, akili ikiwa macho, na anahitaji kuangaliwa. Mtoto anayesogeza kitabu puani, anayeomba urudie kila unachosema, au mwenye usaha unaotoka sikioni mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya kabla hajaitwa mzito wa kuelewa.

Kama anasoma vizuri na tatizo ni kwamba amekua, basi tatizo si kubwa. Mtoto wa miaka minane anaelewa kwa kusikia hadithi ngumu kuliko ile anayoweza kujisomea, na ndiyo maana kuacha kumsomea kwa kuwa amejua kusoma ni kumrudisha kwenye hadithi za kitoto ambazo amezichoka. Nadhani anachokataa ni kitabu cha mdogo wake. Mdogo akisha lala, mpe cha kwake: kisa kirefu kinachokatwa usiku baada ya usiku, kutoka kitabuni au kutoka kichwani mwako, hata kama ni habari za jinsi ulivyoanza biashara ya nguo. Ukatishe pale anapotaka kujua zaidi, uzime taa. Kesho usiku usimwite. Ngoja uone kama hatakuja mwenyewe.